Kokubanza na Watu wa Njiani

Mama mkwe wangu alinipa jembe kabla hajanipa kiti. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia ninavyomsifu hudhani nilidekezwa. Sikudekezwa. Nilitumwa kulima.

Ilikuwa mwaka 1946. Mimi, Anatolia, binti wa mfanyabiashara wa Bukoba, nilikuwa nimeolewa na Gaudiosus, mtoto wa pekee wa mjane Kokubanza wa Igurwa, huku Karagwe. Baba yangu alikuwa na duka lenye paa la bati. Nilikuwa nimesoma kwa masista, najua kufuma vitambaa vya mezani na kupiga pasi kola mpaka isimame yenyewe. Gaudiosus naye alifanya kazi kwenye machimbo ya madini huko Kyerwa, akija nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Kwa hiyo niliolewa na mwanamume lakini nikaishi na mama yake. Wanawake wenzangu mnajua maana ya maneno hayo.

Kokubanza alikuwa mfupi, mkavu, na kiko chake hakikutoka mdomoni hata kilipokuwa kimezimika. Hakuwa na maneno mengi ila ya kugomba. Kibanja chake, yaani lile shamba la migomba na mibuni ambalo nyumba imo ndani yake, kilikuwa kisafi kuliko sebule ya baba yangu. Nilikiona nikafurahi, nikajiambia huyu mama ana vibarua wazuri.

Asubuhi ya pili akaniongoza nyuma ya nyumba. Watu wawili walikuwa wameinama kwenye migomba.

"Huyu ni Mzee Melkiory, na huyu ni Dafroza," akasema. "Leo mnapalilia pamoja mpaka kwenye ule mbuni mkubwa. Wasalimie kwanza, ndipo ushike jembe."

Nikawatazama. Melkiory alikuwa mzee mrefu aliyevaa gunia la kahawa lililotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Dafroza alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga shuka moja lililokwisha rangi. Nilimvuta mama mkwe kando nikamnong'oneza, hawa ni watu wa ukoo gani?

"Hawana," akajibu kwa sauti ile ile, wala hakujali kama wanasikia. "Ni watu wa njiani."

Miaka ile kila mtu Karagwe aliwajua watu wa njiani. Njaa kubwa ya mwaka 1943 ilikuwa imewasukuma watu kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, makundi kwa makundi, wakipita kwetu kwenda Uganda au Bukoba kutafuta kazi kwenye kahawa za watu. Wengi walipita. Wengine miguu iliwaishia hapa hapa. Na wapo waliokuwa wa kwetu wenyewe: wanawake waliofukuzwa kwa waume, wanaume waliopokonywa vibanja. Walilala kwenye baraza za maduka ya Omurushaka, au kwenye vibanda vya nyasi huko rweya, ile mbuga tupu iliyo nje ya vibanja, ambako kwetu hapakai mtu. Ukitaka kumtukana Mnyambo au Mhaya akose la kujibu, mwambie hana kibanja. Tusi hilo linatosha.

Melkiory alivuka mto akiwa na mke na watoto wawili. Igurwa alifika peke yake. Dafroza alikuwa wa Kimuli. Alikaa kwa mume miaka saba bila kuzaa, mume akamrudisha kwao, na kwao kaka zake wakamfungia mlango. "Mimi ni tajiri," alikuwa akisema, "nina milango miwili, yote imefungwa." Halafu anacheka hadi jembe linamponyoka.

Basi nililima. Kufikia adhuhuri viganja vyangu vya kufumia vilikuwa vimepasuka malengelenge, na hasira imenijaa hadi kooni. Mimi, binti wa duka, mstari mmoja na mtu aliyevaa gunia! Nilidhani mama mkwe ananiadhibu. Lakini nilipoinua kichwa nilimwona mwenyewe yuko mstari wa nne, kiko mdomoni, analima kutuzidi sote.

Melkiory ndiye aliyenifundisha mgomba. Nilikuwa nimeula tangu kuzaliwa, sikuwa nimewahi kuujua. Alinionyesha kwamba kila shina lina bibi, mama na mtoto: mmoja amezaa anakwenda zake, mmoja anabeba mkungu, mmoja anangoja zamu. Machipukizi mengine yote ni ya kuondoa, na kazi kubwa ni kujua lipi libaki. Alikuwa akichuchumaa, anayagusa moja moja, halafu anasema, "Huyu mwache, ndiye mrithi. Huyu ni mwizi." Hakukosea. Mimi nilipokosea hakucheka, wala hakusema "si neno" kama watu wanavyowaambia wapumbavu. Alisema, "Umekosea," akanionyesha tena.

Na mama mkwe alimfanyia yeye vile vile. Kulikuwa na mgomba mmoja karibu na kisima, Kokubanza anataka ukatwe, Melkiory anasema utazaa. Waligombana siku mbili nzima! Nilikaa pale nimeshika mdomo. Mtu wa njiani anabishana na mwenye kibanja, na mwenye kibanja anajibu hoja kwa hoja, kama wazee kwenye baraza. Mgomba ukaachwa. Ulipozaa mkungu ambao wanaume wawili waliubeba kwa taabu, Kokubanza alituita wote, akasimama mbele ya Melkiory, akatoa kiko mdomoni, na akasema, "Umenishinda." Akarudisha kiko, tukaendelea na kazi.

Nilimuuliza Dafroza inakuwaje anavumilia kufokewa na mama yule kutwa nzima. Aliniangalia akashangaa.

"Wengi wananihurumia, mwanangu. Mwingine anageuza uso nikipita, mwingine ananitupia ndizi. Huyu ananigombeza. Nikigombezwa najua nipo."

Neno hilo lilinipita. Nilikuwa bado na kiburi cha paa la bati.

Halafu nikafanya kosa ambalo naona haya nalo hadi leo, na nitalisema, maana mficha uchi hazai.

Kwetu mgeni akifika hapewi chakula kwanza. Anaingia, anakaa kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, anaulizwa habari za huko alikotoka, kisha anapewa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikakaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Anachukua moja au mbili, anatafuna. Hapo ndipo amekuwa mgeni. Chakula kinakuja baadaye, na hata kisipokuja, nyumba haijaaibika. Lakini kumpa mtu chakula bila kahawa, tena nje, ni kumlisha tu, kama unavyomlisha mbuzi. Kila mtoto analijua hilo. Nami nililijua.

Kokubanza alikuwa na desturi ya kuwaingiza Melkiory na Dafroza ndani kila siku saa sita. Wananawa, wanakaa, wanaulizwa habari kana kwamba wametoka safari, ilhali tumelima nao tangu asubuhi. Kikapu kinapita, ndipo chakula. Mimi niliona ni kupoteza muda. Siku moja alikwenda msibani, akaniachia nyumba. Nikapika ndizi na maharage, nikaweka kwenye jani la mgomba, nikawapelekea kule kule shambani. Nikaweka chini. Nikasema, "Chakula hicho," nikageuka.

Dafroza alikula. Melkiory alikifunika kile chakula kwa upande wa jani, vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. "Asante, binti," akasema, akarudi kwenye jembe lake. Alilima na njaa yake mpaka jioni, akaondoka.

Nilikasirika! Nilimwambia Dafroza, mtu hana hata shati, anachagua namna ya kupewa! Dafroza hakucheka safari hii.

Kesho yake Melkiory hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu Kokubanza alimuuliza Dafroza, Dafroza akasema yote. Nilijikunja nikingoja kelele. Hakupiga kelele, na mwenzenu nilitamani apige. Aliingia ndani akatoka na kikapu cha kahawa, kile kizuri, cha wageni wa heshima.

"Umemtoa mtu nje ya nyumba yangu," akasema. "Nenda ukamrudishe. Nenda peke yako."

Nilitembea hadi Omurushaka, mwendo wa saa moja na zaidi, nikiwa na kikapu kichwani na maneno makali tumboni. Njiani nilipanga nitakavyofanya: nitampa kikapu, nitasema mama anakuita, nitageuka. Nilifikiri nakwenda kwa ombaomba.

Nilimkuta kwenye baraza la nyuma la ghala moja la kahawa lililokuwa limefungwa kwa msimu. Ilikuwa sehemu ya mikono miwili kwa minne, si yake, na angeweza kufukuzwa wakati wowote. Ilikuwa imefagiwa. Gunia la kulalia limekunjwa pembeni. Jembe limesafishwa udongo, limeegemezwa ukutani.

Aliponiona alisimama. "Karibu," akasema. "Ngoja kidogo, binti. Usikae hapo, pana vumbi."

Akanipita, akaenda ukingoni mwa barabara, akang'oa nyasi kwa mikono, akarudi akazitandika, taratibu, akizipanga zielekee upande mmoja kama inavyotakiwa. Mimi nimesimama tu. Alipomaliza akaninyooshea mkono nikae. Nikakaa. Akakaa mbele yangu, akaniuliza habari za Igurwa, habari za mama, habari za mume wangu huko Kyerwa, kama mwenye nyumba anavyomuuliza mgeni, bila haraka, swali moja baada ya jingine.

Maneno makali yote yalikwisha. Nikapiga magoti, nikamnyooshea kikapu kwa mikono miwili. Akakipokea. Akafungua kifuniko, akakaa akikitazama kwa muda. Alikuwa na mgeni, na hakuwa na kahawa ya kumpa, isipokuwa ile niliyomletea mwenyewe. Basi akafanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mtu mwingine maisha yangu yote. Alichukua buni moja, akaiweka mdomoni. Halafu akakishika kikapu kwa mikono miwili, akaninyooshea mimi.

"Karibu kahawa," akasema. "Umetoka mbali."

Nilichukua moja. Nililia nikitafuna, na yeye akaangalia barabara mpaka nilipomaliza kulia, ili nisione haya. Kisha akabeba jembe lake, tukarudi Igurwa, yeye mbele mimi nyuma.

Watu huniuliza Kokubanza alijifunza wapi kuishi na watu namna ile. Wanaojua historia hujibu haraka: alipofiwa na mumewe Ndyamukama, mwaka 1934, shemeji yake Rwegoshora alimtoa kwenye kibanja, na yule mama alizunguka miezi mitano akilala jikoni kwa watu na mtoto wake Gaudiosus, mpaka baraza la mkama, yaani mtawala wetu, lilipoamua arudi akitunze kibanja hadi mtoto akue. Ni kweli. Lakini nilipomwambia kwamba bila shaka ndiyo sababu, alinitazama kama nimemwaga maziwa.

"Sababu ni magugu," akasema. "Magugu hayangoji. Nilihitaji watu wa kulima, nikapata watu wanaojua kulima. Sasa ulitaka niwaite nani, wanyama?"

Hakuwa mtakatifu, jamani. Alikuwa mchoyo wa tumbaku, na ukichelewa kuamka alikusema mpaka ukoo wa tatu. Lakini sikumsikia hata siku moja akimuuliza mtu wa njiani, "Kwa nini huna kwenu?" Alisema mtu akitaka kukuambia atakuambia, na kumhurumia mtu mzima asiyeomba huruma ni kumvua nguo. Nilikaa naye miaka tisa. Kuna mwaka tulikuwa na watu wa njiani saba, wote wakiingia ndani saa sita, na mimi ndiye niliyepitisha kikapu.

Mwaka 1951 Melkiory alianza kukohoa. Kokubanza alimtoa Omurushaka akamlaza nyumbani, kwenye chumba alicholala Gaudiosus kabla hajanioa. Mzee alipinga, waligombana, safari hii mama akashinda. Alidhoofika wiki sita. Siku moja mchana, mimi nikimnywesha uji, alimwita mama mkwe.

"Kokubanza," akasema, maana alimwita kwa jina na mama aliitika, "sina neno kubwa. Nimelala nje miaka minane. Nikifa watanipeleka rweya. Naomba nisilale nje tena."

Mgeni asiye na ukoo akifa alizikwa rweya, kwenye upepo, bila alama, na ng'ombe wakapita juu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kokubanza alitoa kiko.

"Hutalala nje," akasema.

Nilimtazama nikaogopa. Alikuwa ameahidi kitu ambacho si chake kukitoa.

Melkiory alifariki siku ya nne, asubuhi ya Alhamisi. Gaudiosus alikuwa Kyerwa, na kumpata kulihitaji siku tatu. Habari zilimfikia Rwegoshora kabla hata hatujamwosha maiti. Alikuja na wanaume wa ukoo, kama kumi na wawili, wakasimama uani. Sikumpenda Rwegoshora, lakini hakuwa mjinga, na haki itendeke hata kwa adui.

"Shemeji, pole na msiba," akaanza, kwa adabu. "Vijana watambeba mpaka rweya, tumekwisha chagua mahali pazuri."

"Atazikwa hapa," akasema Kokubanza.

"Hawezi. Unajua kwamba hawezi. Kaburi ndilo linalosema kibanja ni cha nani. Leo tunamzika, kesho watatokea wajukuu zake kutoka ng'ambo ya mto, watasema babu yetu amelala hapa, tupeni chetu. Tutawajibu nini? Na wewe ni mjane. Kibanja ni cha mtoto wa ndugu yangu, na cha watoto wake. Huna hata mgomba mmoja wa kumgawia mtu."

Wanaume wakaitikia. Yalikuwa maneno ya kweli, kila neno, na ndiyo sababu yaliniuma. Ndani, Dafroza alikuwa ameketi kando ya maiti, anasikia yote.

Kokubanza alimsogelea. Kisha akauliza, "Shemeji, mimi nikifa nitazikwa wapi?"

Rwegoshora akashangaa. "Kando ya ndugu yangu. Ulimzalia mtoto wa kiume. Nani amekukatalia?"

"Panajulikana?"

"Panajulikana. Upande wa kulia wa kaburi lake. Wote hapa wanajua."

"Ni pangu?"

"Ni pako! Hata baraza halikuondolei."

"Hakuna mwingine mwenye haki napo?"

"Hakuna."

"Vema," akasema Kokubanza. "Basi ninacho kitu kimoja cha kutoa, nami nimekitoa." Akachukua jembe ukutani, akapita katikati ya wanaume, akaenda kwenye kaburi la mumewe, akaanza kuchimba upande wa kulia.

Mnaelewa alichofanya? Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Na hakuna mtu, awe fukara namna gani, anayetoa mahali pake pa kulala na wahenga. Hata wezi hawafanyi hivyo.

"Na wewe utalala wapi?" Rwegoshora alimpigia kelele. Sauti ilikuwa imempasuka.

"Rweya. Mmeshasema kuna mahali pazuri."

"Kokubanza! Hili neno umelisema mbele ya ukoo. Hatutalisahau!"

"Msilisahau," akasema, bila kuinua kichwa.

Dafroza alitoka ndani, akachukua jembe la pili. Wanaume wote wakanigeukia mimi, mke wa mrithi, waone nitasimama wapi. Siwezi kusema nilikuwa jasiri. Nilimwogopa mume wangu, na nilimwogopa baba yangu atakaposikia. Lakini nilikuwa nimekula kahawa ya yule mzee. Nikachukua jembe la tatu.

Tulichimba mpaka alasiri, na hakuna mwanamume wa ukoo aliyetusaidia, wala hakuna aliyetuzuia. Katekista Pastory alikuja akamwombea. Tulimshusha Mzee Melkiory, tukamfunika, na Kokubanza akasawazisha udongo kwa viganja. Gaudiosus alipofika na kusikia, alikwenda akapanda mti wa kivuli pale. Nikamsamehe mambo mengi kwa sababu hiyo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1955, wakati wa masika, Kokubanza mwenyewe aliugua kichomi, na siku ya tano akatutoka. Alikuwa ameniapisha. "Nilisema rweya," aliniambia, "na mimi si mtu wa maneno mawili. Msimsumbue mtu kwa ajili yangu. Mnifunge vizuri tu."

Asubuhi ya maziko ua ulijaa. Watu wa njiani walikuja zaidi ya arobaini, kutoka Omurushaka na mbali zaidi, wakasimama nje kwenye ukingo wa migomba kwa sababu hakuna aliyewakaribisha, nikatoka nikawaingiza. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja, wamenuna. Baadhi walisema neno lake lilikuwa wazi, apelekwe rweya. Gaudiosus alisema atamchimbia popote kwenye kibanja, huko kwenye mibuni. Wakamjibu kwamba mke anayezikwa mbali na mumewe ndani ya kibanja ni fedheha kuliko rweya, watu watadhani alikuwa hawara. Walibishana mama yangu akiwa amelala pale kwenye shuka. Nami nilijua alichoniapisha, na sikuwa na nguvu ya kukisema.

Rwegoshora alikuwa amekuja wa mwisho. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Tangu siku ile ya Melkiory hakuwa amekanyaga uani kwetu. Aliwasikiliza wote, halafu akagonga fimbo chini.

"Nyamazeni," akasema. "Kaburi la ndugu yangu lina pande ngapi?"

Akainua vidole viwili.

"Lina mbili. Kulia amelala yule mzee. Kushoto ni kwangu mimi, nilipewa na baba yangu mwenyewe. Panajulikana. Mzikeni hapo."

"Na wewe, Baba?" akauliza Gaudiosus.

"Mimi sijafa, unaniharakisha?" Akageuka akamtazama Kokubanza pale chini, na midomo ikaanza kumcheza. "Huyu mwanamke alinishinda mbele ya watu akiwa hai. Nimekaa miaka minne sipati usingizi. Akinishinda na leo akiwa maiti, mimi nitaishi vipi?"

Alimpokonya kijana mmoja jembe, akaenda mwenyewe kwenye upande wa kushoto, akapiga jembe la kwanza, na la pili, na la tatu, mpaka pumzi ikamwishia na watu wa njiani wakampokea. Nilimfuata pale alipokaa kwenye majani akihema, machozi yanamchuruzika kwenye mikunjo bila yeye kuyafuta. Nilipiga magoti nikamwambia, "Shikamoo, Baba." Nilikuwa nimemwamkia hivyo kila tulipokutana kwa miaka tisa, na siku ile ndiyo mara ya kwanza ilipotoka moyoni.